Haskell na uprogramu wa fankisheni: maswali yanayoulizwa sana

Haya ni maswali ambayo naulizwa karibu kila wiki na watu wanaotoka Python, PHP au JavaScript wakitaka kujaribu lugha ya Haskell, nimeamua niyaweke sehemu moja ili mtu asome mwenyewe kwa nafasi yake. Mifano mingi inatoka kwenye programu moja tu, ya hesabu za kikoba cha mama yangu, ndo programu yangu ya kwanza ya Haskell iliyotumika na watu wa kweli na ndo iliyonifundisha karibu kila nachojua.

Uprogramu wa fankisheni ni nini hasa?

Ni kuandika programu kwa fankisheni ambazo ukizipa kitu kilekile zinakupa jibu lilelile, leo, kesho, hata uziite mara 1000, na hazichokonoi kitu kingine pembeni. Na data ikishatengenezwa haibadilishwi, ukitaka iliyo tofauti unatengeneza nyingine.

Angalia daftari la kikoba. Mweka hazina anayejua kazi hafuti mstari wa wiki iliyopita, anaandika mstari mpya chini, na salio linapatikana kwa kujumlisha kutoka juu mpaka chini. Siku akianza kufuta na kuandika juu ya maandishi ya zamani ndo siku ugomvi unaanza maana hakuna anayeweza kurudi nyuma kuangalia. Kwenye programu ni vilevile, makosa mengi niliyohangaika nayo usiku kwenye PHP yalikuwa ya kigeu kimebadilishwa na fankisheni nyingine mahali ambapo hata sikumbuki.

Wala siyo kitu kipya. Alonzo Church aliweka msingi wake wa kihesabu miaka ya 1930, John McCarthy akaja na lugha ya Lisp mwaka 1958, Robin Milner na wenzake pale Edinburgh wakaleta ML miaka ya 1970. Kama umeshatumia `map` na `filter` za JavaScript, au lambda za Java zilizoingia na Java 8 mwaka 2014, basi umeshaonja tayari.

Kwa nini Haskell, siyo Elixir au OCaml?

Zote nzuri na siwezi kugombana na mtu kwa hilo. Kama unajenga mfumo wa meseji au kitu kinachoshika watu wengi kwa wakati mmoja, chukua Elixir, inakaa juu ya mashine ya Erlang, lugha iliyoanza Ericsson mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu, na seva za WhatsApp zilijengwa kwa Erlang hiyohiyo. OCaml kompaila yake ni nyepesi na ina haraka sana, na toka toleo la 5.0 la Desemba 2022 inaweza kutumia koa (cores) zote za prosesa yako kwa pamoja.

Haskell naipendekeza kwa anayetaka kujifunza hii namna ya kufikiri bila njia ya mkato. Kwenye lugha nyingine ukibanwa unarudi kwenye lupu na vigeu vyako vya zamani, Haskell inakukazia, na baada ya miezi michache unashukuru. Ilianza na mkutano wa mwaka 1987 pale Portland, Oregon, watafiti walipoona kila mtu ana kalugha kake ka aina hii wakaamua waungane, ripoti ya kwanza ikatoka 1990. Jina ni la Haskell Curry, mwanamantiki wa Marekani.

Hizi taipu mnazozisifia zina faida gani? Mimi Python naandika bila taipu na inaenda.

Wewe tayari unaijua taipu, yaani aina ya kitu, unaitumia toka unajifunza kuongea. Mtu akikuambia "kitabu mzuri" sikio linashtuka papo hapo, hujahitaji kwenda dukani kukiona hicho kitabu. Hiyo ndo kazi ya kompaila ya Haskell, inasikiliza upatanisho wa ngeli kwenye programu nzima kabla haijakimbia. Na tena ukisikia mtu chumba cha pili anasema "vimevunjika", jina la kitu hujatajiwa ila unajua siyo mtu, siyo mti, ni viti au vikombe au vitu vya aina hiyo. Haskell nayo inafanya hivyohivyo, mara nyingi huhitaji kuandika taipu kabisa, inazikisia yenyewe kutokana na jinsi ulivyotumia kitu. Njia inayotumika inaitwa ya Hindley na Milner, huyo Milner ni yuleyule wa ML.

Sasa kwenye kikoba. Mwanzo malipo yalikuwa namba tu, halafu nikabadilisha yakawa hivi:

    data Malipo
      = Taslimu Shilingi
      | KwaSimu NambaYaSimu Shilingi
      | Deni Tarehe Shilingi

Malipo ni moja kati ya hizo tatu, hakuna ya nne, na kila moja imebeba inachokihitaji tu. Deni haliwezi kukosa tarehe. Taslimu haiwezi kuwa na namba ya simu iliyoachwa wazi. Na `Shilingi` nimeitengeneza kwa `newtype` (taipu mpya inayofunika nyingine) juu ya `Integer`, kwa hiyo siwezi kujumlisha namba ya simu kwenye hela kwa bahati mbaya, na programu ikikimbia hiyo `newtype` haikugharimu chochote, kompaila inaivua.

Miezi miwili baadaye kina mama wakasema wanataka faini ya kuchelewa. Nikaongeza mstari mmoja, `| Faini Shilingi`, nikakompaili nikiwa nimewasha `-Wall`, yaani maonyo ya kompaila, ikanionyesha sehemu 5 ambazo sijasema faini ifanyweje. Mbili nilikuwa nazikumbuka. Tatu nisingezikumbuka kamwe, na moja kati ya hizo ilikuwa ripoti ya mwisho wa mwaka, yaani ningekuja kujua Desemba mbele ya kikao. Toka siku hiyo `-Wall` siizimi.

Naanzaje kuinstoli?

Tumia GHCup. Ndo inakuletea GHC yenyewe ambayo ni kompaila, cabal ya kuvuta laibrari na kujenga projekti, Stack ya kazi hiyohiyo ukitaka, na HLS ambayo inasaidia edita. Ukiandika `ghcup tui` inakuonyesha listi, iliyopendekezwa ina alama yake, chukua hiyo, achana na ya mwisho kabisa kutoka.

Ila jipange na bando. GHC na HLS kwa pamoja ni mzigo, ukishafungua kwenye diski ni giga kadhaa, kwa hiyo fanya ukiwa kwenye WiFi. Na ukiwa hapohapo kwenye WiFi ingia kwenye folda ya projekti yako andika `cabal build --only-dependencies`, itavuta laibrari zote na kuzikompaili, ukirudi nyumbani unafanya kazi na `--offline` bila kugusa bando. Mi nilikaa wiki nzima hivyo na sikukwama.

Cabal au Stack?

Anza na cabal. Stack ilikuja 2015 kipindi ambacho cabal ilikuwa inawatesa watu kweli, unainstoli laibrari moja inavunja nyingine, nayo inatumia wazo zuri la Stackage, mkusanyiko wa laibrari ambazo zimepimwa zinakaa pamoja. Cabal ikaja kurekebishwa, toka 3.0 mwaka 2019 kila projekti inapata laibrari zake bila kugongana. Ukiingia kazini wakawa wanatumia Stack, tumia Stack, kuhama ni kazi ya nusu saa.

HLS inamaliza RAM yangu, nifanyeje?

Kwenye mashine ya giga 4 ni kweli inabana. Tumia ghcid, ni kaprogramu kadogo unakaacha kwenye terminali pembeni, kila ukisevu faili kanasoma upya na kukuonyesha makosa karibu papo hapo. Hutapata ile ya kuweka mausi juu ya jina ukaona taipu, lakini hiyo unaipata kwa `:t` ndani ya ghci, ile terminali ya GHC ya kujaribia vitu. Nimeandika nusu ya programu ya kikoba kwa ghcid na edita ya kawaida kabisa. Na kama HLS inagoma kuwaka kabisa, angalia kwanza kama toleo lake linakubaliana na toleo la GHC yako, mara nyingi tatizo linakuwa hapo.

Kwa nini kuna String, Text na ByteString? Nitumie ipi?

Text kwa maneno, ByteString kwa baiti ghafi kama faili au mtandao, String kwa kujifunzia na kwa laibrari za zamani zinazoidai.

String ya Haskell ni listi ya herufi, kila herufi imeshikwa na kiungo chake, na kwenye kompyuta ya biti 64 kiungo kimoja ni baiti 24. Jina Mwanahamisi lina herufi 11, hapo ni baiti 264 kwa viungo peke yake. Kwenye Text ni baiti 11 na kichwa kidogo cha juu, maana toka toleo la 2.0 la laibrari ya text inahifadhi kwa UTF-8. Ukiwa na majina 20 huoni tofauti, ukiwa na faili la miaka 6 unaiona.

Washa `OverloadedStrings` juu ya faili ili ukiandika maneno kwenye alama za mtajo yawe Text moja kwa moja. Na ukisoma faili lililotoka kwenye simu za watu, lenye emoji kwenye majina, usitumie `readFile` ya kawaida, kwenye Windows hasa inaweza kukutupia kosa la `invalid byte sequence` kwa sababu inafuata lugha iliyosetiwa kwenye mashine. Soma kama ByteString halafu tumia `decodeUtf8'`, ile yenye mkato wa juu (') mwishoni, inakurudishia kosa kama data badala ya kuiangusha programu.

Monadi ni nini? Nimesoma maelezo 10 sijaelewa.

Acha kusoma maelezo kwanza, andika kodi (code) ambayo inakukera, halafu monadi itakuja yenyewe.

Mfano. Nataka simu ya mdhamini wa mwanachama. Mwanachama anaweza asiwepo kwenye orodha, akiwepo anaweza asiwe na mdhamini, mdhamini akiwepo simu yake inaweza isiwepo. Haskell haina ile null ya kukuvizia, kila kitu kinachoweza kukosekana kinarudi kama `Maybe`, ni `Nothing` au ni `Just` na kitu ndani. Kwa hiyo unaandika `case`, ndani yake `case`, ndani yake tena `case`, kodi inaenda kulia mpaka inatoka kwenye skrini. Ziandike zote tatu kwa mkono, usiruke hiyo hatua. Halafu andika hivi:

    simuYaMdhamini jina = do
      m <- Map.lookup jina wanachama
      d <- mdhamini m
      Map.lookup d simu

Ni kitu kilekile. Hatua yoyote ikitoa `Nothing` zinazofuata hazifanyiki na jibu ni `Nothing`. Ile tabia ya "endelea kama ipo, simama kama haipo" iliyokuwa inajirudia kwenye kila `case` imekusanywa sehemu moja, na sehemu hiyo ndo monadi ya Maybe. Ya `Either` ni ileile ila inabeba sababu ya kusimama, mi kwenye kikoba nilihamia huko haraka maana kina mama walitaka kujua kilichokosekana ni mdhamini au ni simu. Ya `IO` inapanga vitendo vya nje kama kusoma faili na kuchapisha vifuatane kwa zamu.

Eugenio Moggi ndo aliyeleta wazo hili kwenye nadharia ya lugha za kompyuta, Philip Wadler akalishusha kwa waandika programu, na `IO` ya namna hii iliingia rasmi kwenye Haskell 1.3 mwaka 1996. Yaani lugha ilishaishi miaka kadhaa bila hiyo, kwa hiyo usione aibu ukikaa nayo mwezi.

Programu yangu inajaza memori wakati data ni ndogo, shida nini?

Hili swali nalijibu kwa urefu kwa sababu ndo linalokimbiza watu, na lilitaka kunikimbiza mimi pia.

Haskell haipigi hesabu mpaka jibu lihitajike. Ukiandika 5000 + 5000 haijumlishi, inaandika karatasi kwamba "hapa nadaiwa jumla ya hizi mbili". Mara nyingi hiyo ni faida, inakuruhusu kushughulika na listi isiyo na mwisho ukachukua 10 za mwanzo tu. Lakini ukiwa na michango mingi na hakuna aliyeuliza jumla njiani, zile karatasi za deni zinarundikana, na karatasi moja ni kubwa kuliko namba yenyewe.

Mimi nilishajua kwamba `foldl`, fankisheni ya kupita listi nzima ukikusanya jibu, ina hiyo shida na dawa yake ni `foldl'`, ile yenye mkato, inayolipa deni kila hatua. Toka GHC 9.10 iko tayari bila kuiimpoti, zamani unaitoa `Data.List`. Kwa hiyo nikaandika hivi nikiwa na uhakika kabisa:

    import qualified Data.Map as Map

    jumlaKwaMtu = foldl' ongeza Map.empty
      where
        ongeza m (jina, kiasi) =
          Map.insertWith (+) jina kiasi m

Kwa data ya kikoba ilienda vizuri. Nikatengeneza faili la kupimia la mistari milioni 3, laptop ikaanza kulia feni, kila kitu kikaganda. Nikakaa siku mbili naangalia `foldl'` nasema mbona nimeweka mkato.

Kumbe `foldl'` inalipa deni la juu tu. Inahakikisha Map yenyewe (orodha ya majina na thamani zake, imepangwa kama mti) ipo, mti wake na majina yake yapo, ila thamani zilizoko ndani ya mti haizigusi. Kwa hiyo kila mwanachama alikuwa na mnyororo wake wa karatasi, 5000 + (5000 + (2000 + ...)), watu 30 kila mmoja na michango laki moja haijajumlishwa hata mmoja. Dawa ni neno moja kwenye mstari wa kwanza:

    import qualified Data.Map.Strict as Map

Taipu ni ileile, kodi nyingine hukugusa, ila sasa `insertWith` inajumlisha palepale kabla ya kuhifadhi. Memori ikatulia.

Namna ya kujua mapema: kompaili na `-rtsopts`, halafu kimbiza programu na `+RTS -s` mwishoni. Ikimaliza inachapa takwimu, tafuta mstari wa `maximum residency`, hiyo ndo data iliyokuwa hai kwa wakati mmoja. Ongeza data mara kumi ukimbize tena. Kama unahesabu watu walewale 30 na hiyo namba inapanda mara kumi, basi kuna karatasi zinarundikana mahali, au umeshikilia faili zima bila kujua. Na kwenye taipu zako za kuhesabia weka alama ya mshangao mbele ya taipu ya kila sehemu, `data Jumla = Jumla !Int !Int`, deni linalipwa pale kitu kinapotengenezwa. Mi sasa hivi `Data.Map.Strict` ndo naianza nayo siku zote, ile nyingine mpaka niwe na sababu.

Ekstensheni (nyongeza za lugha unazowasha mwenyewe) ni zaidi ya 100, niwashe zipi?

Weka `GHC2021` kwenye faili lako la cabal, hiyo inakuwashia nyingi za kawaida kwa mkupuo. Ongeza `OverloadedStrings`, `LambdaCase`, na `OverloadedRecordDot` ambayo toka GHC 9.2 inakuwezesha kuandika `mwanachama.jina` kama lugha nyingine, na ukiwa na rekodi mbili kwenye faili moja zote zina sehemu inaitwa `jina`, washa na `DuplicateRecordFields`. Nyingine ziwashe kompaila ikikuomba na ukaelewa kwa nini imeomba.

Laibrari zipi nizijue kwanza?

containers na text, hizo hazikwepeki. aeson kwa JSON, scotty kwa API ndogo, servant ukishazoea taipu, postgresql-simple kwa databesi, megaparsec ukitaka kusoma maandishi yenye muundo wake (meseji za malipo ya simu nilizisoma kwa hiyo, ilinichukua jioni moja). lens ya Edward Kmett iache kwanza, ni kazi kubwa na ya akili nyingi lakini inavuta laibrari nyingi nyuma yake na meseji za makosa yake zinamchanganya anayeanza. Na ukiwa unatafuta fankisheni, nenda Hoogle uandike taipu badala ya jina. Andika `[a] -> Maybe a` uone inavyokuletea.

QuickCheck mnayoisema inafanya nini?

Badala ya kuandika mifano ya kupima, unaandika sheria, yenyewe inatunga mifano 100 ya bahati nasibu kujaribu kuivunja. Ilitengenezwa na Koen Claessen na John Hughes wa chuo cha Chalmers, Sweden, makala yake ikatoka mwaka 2000, na lugha nyingi zimeiga.

Kwenye kikoba nilikuwa na fankisheni ya kugawa faida sawa kwa wote, pesa gawanya kwa idadi ya watu, kila mtu chake. Nilipima 100000 kwa watu 10, safi, 200000 kwa 4, safi. Halafu nikaandika sheria moja: ukijumlisha migao yote lazima irudi pesa ileile. QuickCheck ikanirudishia mfano mdogo kabisa, watu 2 shilingi 1, kila mmoja anapata 0 na shilingi imepotea. Hapo nikaona kwamba 100000 kwa watu 7 inatoa 14285 kila mtu na shilingi 5 hazipo popote kwenye daftari. Shilingi 5 siyo hela, lakini kwa kina mama wanaosoma daftari kwa kidole mstari kwa mstari, jumla isiyokubaliana na boksi ni kikao kizima kimeharibika. Sasa mabaki yanaandikwa kwenye mfuko wa dharura na yana mstari wake.

Kazi za Haskell zipo?

Chache ukilinganisha na Java au PHP, nisikudanganye. Ila inatumika kazini kweli, Meta walijenga kwayo mfumo wao wa kuchuja spamu, Cardano ya sarafu za kidijitali imejengwa kwayo, programu kama pandoc, ShellCheck na PostgREST zimeandikwa kwayo. Kinachokulipa mapema zaidi ni kwamba ukirudi kwenye TypeScript, Kotlin au Rust unakuta `Maybe`, taipu za kuchagua moja kati ya kadhaa na data isiyobadilika zinakusubiri kwa majina mengine, na wewe umeshazizoea.

Naweza kuandika majina ya vitu kwa Kiswahili kwenye kodi?

Andika, mi naandika na mifano yote hapo juu iko hivyo. Kumbuka tu taipu zinaanza na herufi kubwa na fankisheni na herufi ndogo. Kuna moja iliyonifurahisha sana, lugha nyingi zitagoma ukiandika jina lenye mkato ndani, Haskell inaruhusu mkato popote kwenye jina isipokuwa mwanzo kabisa, kwa hiyo mtu akitaka kuandika programu ya mifugo, `ng'ombe` na `idadiYaNg'ombe` zinakompaili bila shida yoyote.